Kiroboto na Boti ya Mkunga

Gari la Mama Tela lilikuwa dogo, na kila aliyeliona alijiona ana wajibu wa kumwambia hivyo, kana kwamba mwenyewe hajawahi kulizunguka. Lilikuwa gari la juu, ndiyo, lenye matairi manene na mabega ya kujidai, lakini ukiliegesha karibu na magari makubwa ya aina hiyo lilionekana kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Mtaa ulilibatiza Kiroboto. Mama Tela hakununa. Alisema ni kweli kiroboto ni mdogo, lakini kamwulizeni mbwa.

Nyuma ya Kiroboto, chini ya bampa, palichomelewa ndoano nene ya chuma ya kushikia tela. Aliichomelesha mwaka ule kompyuta zilipoingia ofisini kwao na wapiga chapa wote wakaambiwa asanteni. Wenzake walifungua vibanda vya soda. Yeye alinunua tela kuukuu la ekseli moja, akaanza kuvuta. Alivuta makabati ya wanaohama na matofali ya wanaojenga. Alivuta magari yaliyozimika njiani, wenye magari wakiwa wamekaa nyuma ya usukani huku wamefura kwa aibu, maana kuvutwa ni kuvutwa, lakini kuvutwa na Kiroboto, tena dereva akiwa mama mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi, hilo lilitaka moyo. Na zaidi ya yote, alivuta boti za kaka yake.

Kaka mtu alikuwa fundi wa boti, na watu walimwita Fundi tu, kana kwamba waliobaki wote ni vibarua. Karakana yake ilikuwa mwisho wa uchochoro mwembamba nyuma ya soko. Kutoka hapo mpaka ziwani ni barabara ya lami inayoteremka mlima, yenye kona moja mbaya katikati. Miaka yote ile Mama Tela aliteremka na boti za Fundi, nyepesi, zisizo na injini, maana injini zilipachikwa kulekule ufukweni. Hapakuwa na neno.

Kisha ikaja boti ya Mkunga. Mkunga alikuwa akizalisha akina mama wa ng'ambo ya ziwa, ambako barabara haifiki, na kwa muda mrefu alivuka kwa kuombaomba nafasi kwenye boti za watu. Mtoto hangoji lifti. Ndipo akaagiza boti yake mwenyewe, yenye injini nzito iliyofungwa ndani moja kwa moja. Fundi aliijenga kwa mapenzi yote. Injini akaiweka nyuma kabisa, na tangi la mafuta kando yake, kama boti inavyotaka. Wakaipakia pua mbele, Mama Tela akaondoka nayo.

Kwenye kona tela likaanza kucheza. Kushoto, kulia, kila mpigo ukiwa mkubwa kuliko uliopita, mpaka ikawa tela ndilo linaloliendesha gari. Mama Tela akakanyaga breki, kama ambavyo ungefanya wewe na mimi. Kiroboto akazunguka, tela likachomoka, boti ikaruka mtaroni na kupasuka mbavu. Mama Tela alitoka na mkono uliovunjika na mdomo mzima.

Aliyemtoa garini ni binti yake, msusi, ambaye saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Aliposikia kishindo alikimbia kutoka kwenye kiti cha mteja na kitana mkononi, akamkuta mama yake ananing'inia kwenye mkanda, kichwa kimelegea, akadhani ameshampoteza. Jambo kama hilo likimpata mtu halimtoki. Tangu siku ile ufunguo wa Kiroboto ulihamia shingoni mwa binti, kwenye kamba moja na funguo za saluni.

"Mama, umri umekwenda," alisema.

"Umekwenda wapi? Mimi niko hapa."

"Na gari lenyewe ni dogo. Mjomba amesema. Kila mtu amesema."

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi," alijibu Mama Tela, lakini alikuwa na bandeji ngumu mpaka begani, na mtu mwenye bandeji ngumu hashindi mabishano.

Basi alikaa kibarazani. Kiroboto alinyooshwa bodi, akarudi, akaegeshwa uani chini ya turubai kama maiti. Mama Tela alichambua mchele. Alikunja taulo za saluni. Wateja wa binti yake walipita wakamwambia, "Sasa umepumzika, mama, umefanya kazi vya kutosha," na yeye alitabasamu huku moyoni anawatukana mmoja mmoja. Hakuwa na uchungu wa mkono. Uchungu wake ulikuwa huu: hakujua tela lile lilicheza kwa nini, na asiyejua kosa lake hawezi hata kujitetea.

Jibu lilipita mbele yake asubuhi moja likivutwa na mtu. Mkokoteni ulikuwa unapanda mtaani na magunia ya unga, na kwenye tuta kamba ikalegea, magunia yakateleza yote nyuma. Mikono ya mkokoteni ikaruka juu. Mvutaji, mtu mzima na ndevu zake, akabaki ananing'inia hewani anapiga mateke kama kuku aliyeshikwa mbawa. Mtaa mzima ukacheka. Saluni ikatoka nje na vichwa nusu vimesukwa, ikacheka. Mama Tela peke yake hakucheka. Sinia la mchele lilimponyoka.

Alikumbuka siku ile karakanani. Mkono wa tela, ule mhimili unaoshikwa na ndoano, siku zote ulihitaji mtu wa kuguna ndipo uinuke. Siku ya boti ya Mkunga aliuinua kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kikombe cha chai, na akajisifu. Alijisifu! Uzito wote ulikuwa nyuma, unainyanyua pua ya tela, unaining'iniza ndoano ya Kiroboto hewani kama huyu baba wa watu. Gari halikuwa limevuta tela, lilikuwa limeshikwa mkia.

Alikwenda kwa kaka yake siku hiyohiyo, kwa miguu, bandeji ikiwa bado mkononi. Karakana ilinuka gundi na vumbi la mbao. Boti ya pili ya Mkunga ilikuwa imeshasimama juu ya magogo, mbavu zimeshafunikwa, pua inaelekea mlangoni.

"Kaka, tuliipakia vibaya. Injini ikae upande wa gari. Hii ukiigeuza, tako mbele, nitaifikisha."

Fundi aliweka randa chini polepole. Alikuwa mtu mpole, lakini lipo jambo moja ambalo juu yake hakuvumilia mzaha.

"Dada, boti ni mtoto," alisema. "Na mtoto anakuja kwa kichwa. Baba alisema hivyo, babu alisema hivyo. Boti zote za ukoo huu zimetoka mlangoni kwa pua. Mimi siwezi kutoa boti kwa matako, watu wakanicheka na maji yakaikataa."

"Na ile iliyotoka kwa kichwa iko wapi?"

Mabaki ya boti ile yalikuwa ukutani pale, mbao zimepangwa kwa unene wake.

"Iko ukutani," Mama Tela alimsaidia. "Imekuja kwa kichwa, ikaondoka kwa mtaro."

"Mkokoteni si boti," alisema Fundi, akaokota randa yake. "Nitakodi lori. Wewe nenda kapumzike."

Kapumzike! Neno hilo alirudi nalo nyumbani kama jiwe ndani ya kiatu. Na huko nyumbani alikuta lingine linamsubiri. Binti yake alikuwa amempata mnunuzi wa Kiroboto, mchuuzi wa mboga wa jumla, mtu mwema, atakuja Jumamosi jioni kulichukua. Binti alilisema hilo akiwa ameangalia chini, anafagia nywele sakafuni mahali ambapo hapakuwa na nywele.

"Siliuzi gari ili nikukomoe, Mama."

"Najua. Mnanizika kwa upendo."

Binti alilia usiku ule, na Mama Tela alimsikia kupitia ukuta, na hakwenda kumbembeleza. Alikuwa na hasira ya kweli, na hasira ya kweli haibembelezi mtu.

Jumamosi ikafika, bandeji ya Mama Tela ikiwa imeondolewa siku mbili kabla. Lori la Fundi lilikuja mapema, kubwa, jekundu, lina winchi na taa za kuzunguka juu ya kichwa. Lakini tangu lori la mwisho lilipoingia uchochoroni, jirani mmoja alikuwa amejenga ukuta, na ukuta huo ulikuwa umevimba kuelekea njiani kama tumbo la tajiri. Lori liliingiza kichwa, likakwama. Lilirudi nyuma, likajaribu tena, likaparuza ukuta, jirani akatoka na fagio. Dereva akashuka, akapima pembeni kwa hatua, akatikisa kichwa.

"Mzee, hili ni lori, siyo nyoka," alimwambia Fundi.

Kule chini ufukweni, Mkunga alikuwa ameshafika na mikoba yake. Kulikuwa na mama mmoja ng'ambo ya ziwa aliyekaribia kujifungua, na alikuwa amemwahidi kwamba safari hii atakuja na boti yake mwenyewe.

Ndipo Fundi akaja saluni. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, katika harufu ya mafuta ya nywele na mvuke wa kukaushia, na wanawake wote wakageuza shingo kadiri nywele zao zilivyoruhusu. Hakumwangalia dada yake aliyekuwa kwenye kochi la pembeni anakunja taulo. Alimwangalia aliyevaa ufunguo.

"Mpwa wangu, naomba unisaidie gari lile. Kwa saa chache tu, kabla mwenyewe hajaja. Dereva wa lori ataliendesha."

Binti alifungua mdomo, lakini sauti iliyosikika ilitoka kwenye kochi.

"Gari lina mwenyewe, na mwenyewe yuko hapa."

Mama Tela alisimama. Taulo zilimwangukia miguuni, akazivuka.

"Dereva wa lori? Yule aliyeshindwa na ukuta? Kaka, umekuja nyumbani kwangu kuazima gari langu umpe mtu mwingine aendeshe, mimi nakuangalia? Kama nimekufa, mbona sijaona mkeka wa matanga?"

"Dada, usinielewe vibaya..."

"Nimekuelewa vizuri kabisa, hilo ndilo linaloniuma. Sasa sikia. Gari litakwenda. Nitaliendesha mimi. Na boti itatoka tako mbele, au haitoki."

"Haiwezekani."

"Basi mwambie yule mama wa ng'ambo abane."

Mteja aliyekuwa kitini, kichwa upande mmoja mistari na upande mwingine msitu, alicheka mpaka akachomwa na kitana. Fundi hakucheka. Alikuwa anakunja kofia yake na kuikunjua.

"Na nawaambia nyote wawili mbele ya mashahidi hawa," aliendelea Mama Tela, akawaonyesha mashahidi, nao wakakaa wima. "Nikiifikisha boti ile nzima, Kiroboto hauzwi, na asinitajie mtu tena habari ya kupumzika. Nikiiangusha, mchuuzi achukue gari leoleo, na mimi nitakaa pale barazani nichambue mchele mpaka mnizike, na hamtanisikia nikisema neno. Hamtanisikia hata nikikohoa."

Binti alishika kamba shingoni. Ungemwona ungemhurumia. Alikuwa anamwona mama yake kwenye mkanda ule, kichwa kimelegea.

"Mama, ukifa je?"

"Nikifa kule nitakuwa nimekufa kwenye kazi yangu. Hapa kwenye kochi nakufa kila siku, na hunililii."

Binti akavua kamba, akautoa ufunguo kwenye pete yake kwa kucha, akaubana kiganjani.

"Nakaa kiti cha mbele," alisema.

"Kaa. Ni cha kukaliwa."

"Na kichwa changu?" aliuliza mteja.

"Jifunge kitambaa, twende ukaone," alisema Mama Tela, na mteja akajifunga kitambaa, kwa sababu kwa lolote lile asingekubali kusimuliwa.

Kuigeuza boti ndani ya karakana kulichukua watu, magogo na matusi. Fundi hakugusa. Alisimama kwenye kona ya mbao akiwapa mgongo, kama mtu aliyelazimishwa kuhudhuria talaka yake. Tako la boti, pana, bapa, lenye rangi mpya ya buluu, likatoka mlangoni kwanza, mbele ya watu wa uchochoro mzima, na watu wakajifurahisha.

"Mama Tela, boti imenuna nini mpaka inatupa mgongo?"

"Mama Tela, hiyo inaangalia ilikotoka! Haitaki kuondoka!"

"Inawakariri sura zenu," alijibu huku anakaza mikanda, "isije ikawapakia siku moja kwa bahati mbaya."

Alimwita kaka yake. "Njoo uinue mkono wa tela." Fundi akaja shingo upande, akainama, akavuta. Haukuinuka. Akavuta tena, mshipa ukamtoka. Mama Tela alisema boti isogezwe nyuma kidogo, akamwita tena, ikasogezwa tena, mpaka mkono ukawa na uzito wa kumfanya mtu agune bila kumkata kiuno. Kiroboto ni mdogo, na ukimkalia sana mgongoni anainua pua. Hayo Mama Tela hakuona haya kuyasema. Gari lake lilikuwa dogo, na aliujua udogo wake kuliko wote waliomwambia.

"Siku ile uliuinua kwa nguvu gani?" alimwuliza.

Fundi alifikiri. "Siku ile uliuinua wewe," alisema. "Na kikombe mkononi." Akautazama mkono ule wa tela upya.

Alikuwa ameapa hapandi. Walipowasha gari, alipanda. Hakuna fundi anayeiacha boti yake iende peke yake na watu wanaomchukiza. Alikaa kiti cha nyuma, akafumba macho, na Kiroboto akapita penye ukuta uliovimba, gari na tela na boti, kwa nafasi ya kupitisha kiganja. Jirani alisimama na fagio lake, akakosa la kufagia, na kando yake mteja wa kitambaa akabaki anapunga mkono.

Wakaingia barabarani, Mama Tela macho mbele. Msinidhanie namsifu bure kwamba hakuogopa. Aliogopa sana. Mkono uliopona ulikuwa umeanza kuuma mahali pa zamani, na kadiri mlima ulivyoteremka ndivyo viganja vyake vilivyoloa kwenye usukani. Alitumia gia ndogo, akaiacha injini ishike mwendo badala ya breki. Kwenye kioo aliliona tako la boti limemkodolea, pana kama mlango, na juu yake mbingu kidogo.

Kona ikaja. Binti alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Na hapo hapo, kama aliyetumwa, basi likatokea nyuma likiwa na haraka zake, likawapita kwa honi ndefu, na upepo wake ukalipiga tela ubavuni.

Tela lilitikisika.

"Mama!"

"Nasikia."

Mguu ulitaka breki. Ulitaka breki kwa akili yake wenyewe, na Mama Tela akaukataza, akaulegeza tu kwenye mafuta, usukani ameushika bila kuukaba. Tela likaenda kidogo kushoto, kama mtu aliyeguswa bega akageuka kuona ni nani. Kisha likarudi kwenye mstari, likatulia. Mtaro ulipita dirishani, na kipande cha mbao ya buluu ya boti ya kwanza kilikuwa bado kimo kwenye nyasi. Kona ikaisha. Ziwa lilipoonekana ndipo Mama Tela alipogundua kwamba analia, kwa hasira, na akafuta macho kwa bega.

Mkunga alikuwa amesimama kwenye mteremko wa zege unaoingia majini, viatu vya mpira miguuni, mikoba miwili begani. Fundi alishuka kabla gari halijasimama vizuri.

"Bi Mkunga, unisamehe," alisema. "Boti nzima iko sawa. Ila nimekuletea kinyume, imekuja kwa matako. Si desturi yangu. Nimelazimishwa."

Mkunga aliitazama boti, akamtazama aliyemlazimisha.

"Teremsheni tu," alisema. "Nina mtu ananisubiri."

Mama Tela alizungusha Kiroboto juu ya mteremko, akatia rivasi. Kurudi nyuma na tela ni kazi ya kinyume, ukitaka tela liende kulia unakata usukani kushoto, na Fundi, ambaye hakuwahi kulijua hilo, alisimama pembeni akipunga mikono yote miwili, "Kulia! Kulia, dada! Kulia!" Dada mtu hakumtazama. Tela likashuka limenyooka, matairi yake yakaingia majini, maji yakapanda mpaka kwenye ekseli, na boti ikaanza kulamba ziwa.

Kwa pua.

Pua ndiyo iliyokuwa nyuma ya tela, na nyuma ya tela ndiyo inayotangulia majini. Iliingia taratibu, ikainama kidogo kama inayokunywa, ikainuka ikielea. Kisha mwili wote ukafuata, mbavu, injini, na mwisho kabisa tako, likatoka kwenye tela bila kelele. Mbele yake ziwa lilikuwa wazi, ng'ambo ikionekana. Haikuhitaji hata kugeuzwa.

Fundi alibaki na mikono hewani.

Mkunga aliangua kicheko, kile cha wanawake ambao kazi yao imewatoa aibu. "Ee Fundi! Boti zako zote nilizowahi kuona hapa ziliingia majini kwa matako. Nilikuwa nasema kimoyomoyo, huyu baba anazalisha watoto waliokaa vibaya tu. Mimi mtoto akitanguliza matako ndipo ninapoogopa. Leo umeleta wa kwanza wa kichwa."

"Lakini mlangoni..." alisema Fundi.

"Mlangoni ni mlangoni. Mtoto anazaliwa akifika duniani. Boti dunia yake iko wapi?"

Fundi aliyaangalia maji. Aliyaangalia muda mrefu hivi kwamba binti alimsogelea kumshika kiwiko. "Karakana ya baba ilikuwa ufukweni," alisema hatimaye, polepole. "Hapakuwa na tela. Walisukuma juu ya magogo, kutoka mlangoni mpaka majini, pua mbele, moja kwa moja. Mimi nikahamia juu kule..." Akaonyesha mlimani. "Nikashika mlango. Maji nikayasahau."

Akavua kofia, akamwendea dada yake dirishani. Mtu angetegemea hotuba. Fundi hakuwa mtu wa hotuba.

"Kutangulia si kufika, dada," alisema.

"Hilo ulilijua tangu zamani," alijibu Mama Tela. "Hukudhani linanihusu mimi."

Injini ya boti ikawaka kwa mpigo wa kwanza. Mkunga akakaa nyuma, akashika usukani, na akaondoka bila kuaga, maana anayengojwa na mtoto haagi. Wakamwangalia mpaka buluu ya boti ikawa ndogo.

Ndipo simu ya binti ikalia. Alimtazama anayepiga, akamtazama mama yake aliyekaa ndani ya Kiroboto, matairi ya nyuma yakiwa majini, miwani imejaa matone, mkono mbovu umelala kwenye usukani kama uko nyumbani kwake. Akapokea.

"Ndiyo, shikamoo. Umeshafika getini?... Hapana, halipo. Liko ziwani." Akasikiliza. "Hapana, halijazama. Linafanya kazi." Akasikiliza tena, na machozi yakamtoka, lakini sauti haikutetereka. "Hata kesho usije. Kesho pia lina kazi. Mwenye gari ni mama yangu na mama yangu hauzi."

Akakata simu. Kamba ya shingoni ilikuwa imebaki na funguo za saluni tu, akazishika kidogo, akaziachia.

Mama Tela alikuwa ameshatia gia ya kwanza. Kiroboto akajikaza, akalitoa tela majini likitiririka, jepesi, tupu.

"Pandeni," alisema kupitia dirishani, "kabla sijawaacha. Kuna mtu tumemwacha na nusu kichwa."